Kuteleza kinyumenyume na krosova katika hoki ya barafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale walioingia barafuni ukubwani, Nairobi au ughaibuni, na sasa wamekwama hapo hapo: mbele wanakwenda, nyuma hawaendi, kona zinawashinda. Wa pili ni wazazi wanaozungumza Kiswahili ambao watoto wao wamejiunga na timu Kanada au Marekani, wakasikia kocha akipiga kelele kila dakika bila kuelewa anataka nini. Nimejibu kama ninavyojibu nikiwa pembeni ya uwanja. Jambo moja litajirudia kote: mguu kwenye barafu haukanyagi, unasukuma.

## Mambo ya msingi

Mbele penyewe bado natetemeka. Si mapema mno kujifunza kurudi nyuma?

Si mapema. Ukiweza kuanguka na kuinuka mwenyewe, kuteleza kwa mguu mmoja huku ukihesabu moja hadi tatu, na kupunguza mwendo bila kugonga ukuta, anza. Watu wengi husubiri mpaka wawe wazuri mbele, na kusubiri huko ndiko kunakowachelewesha. Kurudi nyuma polepole hukulazimisha kukunja magoti, na magoti yakizoea kukunjika, hata mwendo wako wa mbele unakuwa mzuri.

Mimi hufundisha kwa mpangilio huu: kurudi nyuma kwa miguu miwili, kisha kwa mguu mmoja mmoja, kisha krosova (kupinda kwa kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine) za mbele, na mwisho krosova za nyuma. Ukiruka hatua utairudia baadaye, ukiwa tayari na mazoea mabaya ya kung'oa.

Makali ya ndani na makali ya nje ni yapi?

Wembe wa kiatu cha hoki una unene wa milimita 3 hivi. Ukiupindua uutazame kwa chini, utaona si bapa. Katikati una mfereji mdogo uliochongwa na jiwe la kunolea, na kila upande wa mfereji huo kuna ukingo wake. Ukingo ulio upande wa kidole gumba ni makali ya ndani, ulio upande wa kidole cha mwisho ni makali ya nje.

Ukisimama wima unakanyaga yote mawili na unateleza moja kwa moja. Ukilaza kifundo cha mguu upande mmoja, makali ya upande huo yanauma barafu na kiatu kinachora mviringo. Makali ya ndani mtu huyazoea upesi. Ya nje yanaogopesha, kwa sababu lazima uegemee upande ambao mwili unahisi utaanguka. Krosova haiwezekani bila hayo makali ya nje, na ndiyo maana wengi hukwama hapo.

Krosova ni nini hasa?

Ni namna ya kupinda huku ukiongeza mwendo. Ukipinda kushoto, mguu wa kulia unasukuma, kisha unavuka juu ya wa kushoto na kutua upande wa pili. Wakati unavuka, mguu wa kushoto nao unasukuma kwa makali ya nje, ukipita chini ya mwili kuelekea kulia. Hizo ni nguvu mbili katika mpindo mmoja. Anayeteleza tu kwenye kona hupoteza kasi, na anayevusha miguu hutoka kwenye kona akiwa na kasi kuliko alivyoingia.

Je, ni kazi ya mabeki peke yao?

Kurudi nyuma ni mkate wa beki, kwa kuwa ndiye anayemkabili mshambuliaji anayekuja na paki (kile kisahani cheusi cha mpira), na akigeuza mgongo amekwisha. Lakini mshambuliaji naye hurudi kulinda, na mwamuzi pia huenda kinyumenyume mara nyingi.

Krosova ni za kila mtu. Mtazame Connor McDavid wa Edmonton Oilers, aliyeshinda shindano la mchezaji mwenye kasi zaidi la NHL (ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani) miaka mitatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, kisha tena 2024. Kasi yake huijenga kwa kuvusha miguu mfululizo, hata katikati ya uwanja ambako hakuna kona. Kwa mabeki, mtazame Cale Makar wa Colorado Avalanche, mshindi wa Norris Trophy, tuzo ya beki bora wa NHL, ya 2022. Kwenye mstari wa buluu (unaotenga eneo la kushambulia) anavuka kushoto, anavuka kulia, na mlinzi aliye mbele yake hajui amfuate wapi.

Nivae nini?

Kofia ngumu, kwanza kabisa, hata kama wenzako wanateleza vichwa wazi. Anayejifunza kurudi nyuma huanguka chali, na barafu haina huruma kwa kisogo. Ongeza kinga za viwiko, kinga za magoti na glavu. Kaptula za hoki zenye sponji huokoa mfupa wa mkia, na mfupa huo ukiumia utajuta kila ukiketi kwa wiki kadhaa.

Viatu vya kukodi vinatosha?

Kwa siku za mwanzo, ndiyo. Krosova zikianza, viatu vilivyolegea vitakuangusha. Kiatu kizuri kinabana kisigino kisinyanyuke hata kidogo, na vidole vinagusa mbele kwa mbali tu ukiwa umesimama. Ukikunja magoti vinarudi nyuma. Kwa kawaida kiatu cha hoki huwa na namba ndogo kuliko kiatu chako cha kutembelea, kwa namba moja au moja na nusu. Mtu akinunua namba yake ya raba, mguu unaogelea ndani.

Angalia pia ncha ya wembe. Ikiwa na meno mbele, hicho ni kiatu cha sarakasi za barafuni, si cha hoki, na meno hayo yatakukwaa ukivusha mguu.

Nitajuaje kama viatu vinahitaji kunolewa?

Pitisha ukucha kwa wepesi juu ya kila ukingo. Makali mazima hukwangua unga mweupe wa ukucha, butu huteleza tu. Ukiona mguu mmoja unakutoroka kila unapoegemea, usijilaumu kabla hujakagua makali yake. Nimeona watu wakihangaika mwezi mzima na krosova ya kushoto, kumbe ukingo mmoja uliliwa siku walipotembea juu ya saruji bila vifuniko vya wembe.

Mfereji hupimwa kwa inchi, si kwa kina chake bali kwa nusu kipenyo cha mviringo unaouchonga. Nusu inchi ndicho kipimo cha kawaida madukani. Namba ikiwa ndogo, mfereji ni wa kina na makali yanauma zaidi. Ikiwa kubwa, unateleza kwa urahisi na kusimama ni rahisi. Anayeanza asihangaike na hesabu hizi. Aombe nusu inchi na aizoee hiyo hiyo.

## Kurudi nyuma

Nianzeje, hatua kwa hatua?

Shika ukuta wa pembeni, jisukume kidogo, na uteleze nyuma bila kufanya lolote. Mwili uzoee kwanza hali ya kwenda usikokuona.

Kisha chora mayai. Vidole vya miguu vielekezane kwa ndani, visigino nje. Kunja magoti, bonyeza makali ya ndani, na miguu itafunguka yenyewe. Ikifika upana kuliko mabega, geuza visigino ndani uivute ikutane tena. Barafuni utaacha alama za mayai yaliyopangwa mstari. Fanya hivyo uwanja mzima, mara nyingi, bila haraka. Ni zoezi la kitoto, na wachezaji wakubwa bado hulifanya kupasha misuli.

Baada ya hapo mguu mmoja ubaki umenyooka ukiteleza, mwingine peke yake uchore nusu yai. Hiyo ndiyo herufi C, na ndiyo injini ya kurudi nyuma. Kisigino kinatoka nje, mguu unazunguka kwa kando ukielekea mbele, unanyooka kabisa, halafu unarudi chini ya mwili. Msukumo wa mwisho unatoka sehemu ya mbele ya wembe, chini ya kidole gumba. Badilisha miguu: C ya kulia, C ya kushoto.

Ninachora C zote lakini siendi popote. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara jibu ni magoti. Ukisimama wima, mguu hauna pa kunyookea, na bila kunyooka hakuna msukumo. Kaa kama unaketi kwenye kigoda: makalio chini, kifua juu, macho mbele. Ukitazama chini ukaona vidole vya viatu vimejitokeza mbele ya magoti yako, bado hujakunja vya kutosha.

Sababu ya pili ni kutikisa kiuno. Mtu anapinda nyonga kushoto na kulia kama anacheza chakacha, mwili wa juu unayumba, na miguu haifanyi kazi. Nyonga zitulie. Shika gongo la hoki kwa mikono miwili, liwe mlalo mbele ya kifua: likiyumba, unatumia kiuno.

Ya tatu ni kurudisha mguu nusu njia. C isiyofungwa inakuacha na miguu mipana, na msukumo unaofuata unaanzia pabaya.

Kila nikirudi nyuma naanguka. Wengine mbele, mimi chali. Tatizo ni nini?

Ukianguka kifudifudi, uzito wako uko kwenye vidole, na wembe wa hoki umepindwa juu mbele na nyuma, kwa hiyo unabingirika kama mtumbwi. Ukianguka chali, umeegemea visigino kwa sababu ya hofu. Uzito ukae katikati ya wembe, ukielekea kidogo mbele.

Ukihisi unakwenda chali, usipigane nako. Kidevu kifuani, jikunje, tua kwa upande wa paja na kalio. Usitangulize mkono ulionyooka, maana viganja na vifundo vya mikono ndivyo huvunjika.

Nitasimamaje?

Kinyume cha kusimama mbele. Geuza vidole nje na visigino ndani, miguu ifanye herufi V, kisha bonyeza makali ya ndani huku ukiegemea mbele kidogo. Utasikia barafu ikikwaruza na unga wake utaruka. Jifunze hili siku ile ile ya mayai. Usiyejua kusimama utaogopa kwenda, na woga utakunyoosha magoti.

Nitaonaje ninakokwenda?

Unageuza shingo haraka, juu ya bega moja, unatazama, unarudisha macho mbele. Usigeuze mabega, yatavuta mwili nawe utapinda. Baada ya muda utaanza kusoma mistari iliyochorwa barafuni: mstari wa buluu ukipita chini yako, unajua goli lako liko umbali gani nyuma. Kwenye mazoezi ya watu wote, zoeza jambo hili pembeni, mbali na watoto wadogo.

## Krosova za mbele

Nianzie wapi?

Tafuta duara. Uwanja kamili wa hoki una maduara matano ya kuanzishia mchezo, kila moja lina upana wa mita 9, na yamechorwa kama vile kwa ajili yako. Fuata mstari wake.

Kwanza usivushe chochote. Mguu wa ndani ubaki barafuni muda wote ukiteleza kwa makali ya nje, mguu wa nje usukume, usukume, usukume, kama mtoto anayeendesha baiskeli ya kusukuma kwa mguu. Ukizunguka duara zima bila mguu wa ndani kuyumba, umefaulu nusu ya somo. Hapa usiharakishe, ikichukua siku tatu, ichukue.

Kisha simama, bila mwendo, ukishika ukuta. Vusha mguu wa nje juu ya wa ndani, tua, toa wa ndani kwa nyuma, urudi. Tembea hivyo kwa upande kama kaa. Baada ya hapo unganisha: sukuma mara mbili, vuka mara moja, teleza. Sukuma mara mbili, vuka mara moja.

Ninavusha mguu vizuri lakini sipati kasi. Nimekosea wapi?

Umesahau msukumo wa pili. Wengi hudhani kazi ni ya mguu unaovuka juu, kwa sababu ndio unaoonekana. Kazi kubwa ni ya mguu uliobaki chini. Wakati mwenzake unavuka, mguu wa ndani lazima ubonyeze makali ya nje na kunyooka kabisa ukipita chini ya mwili, mpaka unatoka barafuni upande wa nje. Ukiuokota tu na kuurudisha, umetembea, hujateleza.

Jipime kwa sikio. Krosova nzuri ina milio miwili ya kukata barafu, mmoja kwa kila mguu. Ukisikia mmoja kisha kimya, msukumo wa pili haupo. Ukisikia tap-tap, unaruka badala ya kuvuka: shusha mguu chini, upite karibu na barafu.

Mwili uegemee vipi?

Mwili mzima uegemee ndani ya duara kuanzia vifundo vya miguu, kama mwendesha bodaboda kwenye kona. Kosa la kawaida ni kukunjia kiuno na kuangusha bega la ndani. Hapo uzito unatoka juu ya makali na mguu unateleza. Mabega yabaki sawa, kifua kielekee katikati ya duara, magoti yakunjwe. Kasi ikiwa ndogo, usiegemee sana, maana ni kasi ndiyo inayokushikilia.

Kushoto naweza, kulia siwezi kabisa. Ni kawaida?

Ni kawaida sana. Kwenye viwanja vingi watu huzunguka kinyume cha saa wakati wa kuteleza kwa wote, kwa hiyo upande wa kushoto unapata mazoezi bure na wa kulia haupati kitu. Anza kila mazoezi na upande mbovu, ukiwa na nguvu, na uupe mizunguko miwili kwa kila mmoja wa upande mzuri. Ukiona haubadiliki, rudi kwenye swali la kunoa.

## Krosova za nyuma

Zina tofauti gani na za mbele?

Kanuni ni ile ile: wa nje unavuka, wa ndani unasukuma chini ya mwili. Tofauti ni kwamba miguu haiinuki sana. Zunguka duara kinyumenyume huku mguu wa nje ukichora C. Ukizoea, C ikimalizika, usiurudishe mguu mahali pake. Uache upite mbele ya mguu wa ndani. Hapo hapo wa ndani unasukuma kwa makali ya nje, unatoka, na unanyooshwa tena kuelekea katikati ya duara kuivuta barafu.

Kichwa kitazame ndani ya duara. Ukitazama miguu, utaikanyaga.

Nikiwa beki, nivushe miguu wakati gani?

Vusha mshambuliaji akiwa bado mbali. Krosova mbili au tatu za mwanzo zinakupa kasi ya kulingana na yake. Akikaribia, acha kabisa na urudi kwenye herufi C, miguu ikiwa sambamba. Sababu ni rahisi: wakati mguu mmoja uko juu ya mwingine, huwezi kubadili upande. Mshambuliaji mjanja hulisubiri tukio hilo hilo. Anakuvuta kushoto, unavuka, naye anakata kulia, na wewe umebaki umefungwa miguu yako mwenyewe kama kuku wa sokoni.

Beki mzuri hatambuliki kwa wingi wa krosova zake. Angalia anapoziacha.

Kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma kuna siri gani?

Ni wepesi wa sekunde moja. Unaponyanyuka kidogo kwenye magoti, uzito unapungua juu ya wembe. Hapo unafungua nyonga, mguu mmoja unageuka, wa pili unaufuata, na unakaa chini tena. Anayegeuka bila kunyanyuka anakwaruza barafu na kupoteza kasi. Mabega yatangulie, miguu itafuata.

## Hali za pekee

Naweza kujifunza kwa viatu vya magurudumu?

Ndiyo, na vijana wengi wa Nairobi wamefika barafuni wakitokea kwenye lami. Herufi C na krosova zinahamishika karibu zote. Kusimama hakuhamishiki: magurudumu hayakwaruzi kwa ubavu kama wembe, na anayeingia barafuni na mazoea ya lami hukuta ukuta. Jifunze kusimama upya.

Uwanja wetu ni mdogo. Inafaa kweli?

Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wamelelewa kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, uliofunguliwa 2005, ambao ni mdogo kuliko ule kamili wa karibu mita 60. Kutoka hapo walifika Toronto mwaka 2018 na kucheza na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikaingizwa katika shirikisho la dunia, IIHF. Uwanja mdogo una faida yake: kona inakufikia kila baada ya hatua chache, kwa hiyo unavuka miguu kila wakati. Kinachokosekana ni umbali wa kurudi nyuma kwa kasi, na hicho utakifidia ukipata uwanja mkubwa.

Mtoto wangu Kanada anateleza nje, kwenye barafu ya bustani. Mbona analalamika hawezi kukata kona?

Barafu ya ndani huwekwa karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Ya nje hufika baridi kali zaidi, inakuwa ngumu, na makali hayazami. Tena ina nyufa na vumbi linalobutua wembe. Anoe mara nyingi zaidi, aegemee kidogo, na avae soksi moja nyembamba badala ya mbili nene, maana soksi nene hulegeza kiatu.

Binti yangu anavaa hijabu. Itamzuia?

Haitamzuia. Hijabu ya michezo, ile ya kuvuta kichwani isiyo na pini, inakaa vizuri chini ya kofia ngumu. Apimiwe kofia akiwa ameivaa. Fatima Al Ali wa Abu Dhabi anacheza hoki akiwa na hijabu, na mwaka 2017 Washington Capitals, timu ya NHL, walimwalika kuangusha paki ya heshima kabla ya mechi yao.

Nina miaka 45. Nimechelewa?

Kwa NHL, ndiyo. Kwa krosova, hapana. Watu wazima hujifunza kwa kuelewa, na hilo ni faida. Tatizo lao ni nyonga ngumu na hofu ya kuanguka. Nyumbani, chuchumaa kila siku, simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, na vuka miguu kwa upande sebuleni. Barafuni, vaa kinga zote ili hofu ipungue. Goti likiuma ndani, kwenye kiungo chenyewe, pumzika umwone daktari. Paja likiuma kwa juu, hiyo ni misuli inayofanya kazi yake.

Kipa naye anahitaji haya yote?

Herufi C anaihitaji sana, kwa sababu hutoka golini kumkabili mpigaji kisha anarudi nyuma bila kuliacha goli wazi. Krosova atazitumia anapokimbilia paki nyuma ya goli, si ndani ya eneo lake. Wembe wake ni mnene zaidi na umenyooka zaidi, kwa hiyo asishangae akiona duara lile lile la mita 9 linamlemea, ingawa alilizoea kwa viatu vya kawaida.